Jumatatu ya Pipa la Bluu

Lori la taka na mtihani vina kalenda moja
hapa Saskatoon: wiki ndiyo, wiki siyo.
Jumapili usiku nalisukuma pipa la bluu hadi barabarani,
magurudumu yakilalamika juu ya barafu,
nami natafuna majina ya mishipa ya fahamu ya kichwa,
kumi na miwili, mmoja kila hatua tano.
Wa saba hunitoka daima, karibu na gari la jirani.

Kwetu Kondoa mtihani ulikuwa mgeni.
Ulifika mara moja, na askari mwenye bunduki,
bahasha zimefungwa kwa lakiri.
Mama alichinja jogoo. Shangazi Mwamvita
alisoma dua juu ya kalamu mbili,
ya pili endapo wino wa kwanza utakauka.
Ukiisha, umeisha. Tulilala siku tatu.

Hapa si mgeni, ni mpangaji mwenzetu.
Ana ufunguo wake, anakula ugali wetu.
Septemba, damu. Mwisho wa Septemba, damu tena.
Oktoba, mapafu, nusu yake;
nusu iliyobaki, baada ya sikukuu ya bata mzinga.
Katikati, vijaribio vya Ijumaa, maswali kumi kumi,
ambavyo Taralyn, ninayeishi naye, haviiti mtihani.
Anaviita kupiga mswaki.
Figo nilizisoma, nikazijibu, nikazisahau
kabla theluji ya kwanza haijapata uchafu.

Mama hupiga simu. "Umeshamaliza mitihani?"
Zamani nilimweleza. Siku hizi nasema, "Karibu."
Kwake neno hilo lina vyumba vingi:
paa likivuja, mtihani;
kaka akidaiwa, mtihani;
baba kulala miezi minane kwa ubavu mmoja,
ule ndio ulikuwa mtihani,
na hakuna aliyeingia kusema muda umekwisha,
wekeni kalamu chini.

Februari wakatuletea wagonjwa wa kuigiza.
Vyumba kumi, dakika nane nane, kengele baina yake.
Chumba cha nne, mzee Orest Hrynkiw,
fundi wa matrekta mstaafu,
anayelipwa kwa saa ili aumwe kifua.
Ngumi juu ya titi la kushoto,
jasho la chupa ya kunyunyizia.
Nilisahau kumuuliza kama maumivu yanapanda.
Kengele ikalia. Akanikonyeza,
akagusa taya lake kwa kidole, kwa siri,
nami tayari niko mlangoni
na alama mbili zimekwenda.

Aprili nilimkuta wodini, ghorofa ya tano,
kitanda cha dirishani. Chini, mto ulikuwa ukivunja barafu yake.
Ngumi palepale. Jasho lake mwenyewe.
Sikufuata mpangilio. Nilianza na taya.
"Hilo ulilikosa," akasema, "mwezi wa pili."
Halafu, baada ya pumzi mbili:
"Leo hawakunipa karatasi ya majibu, binti."

Nikakaa. Dakika nane zikapita, na nyingine.
Mkono wake ulikuwa mzito,
una kovu la mnyororo kuzunguka kidole gumba.
Masikio yangu yaliendelea kuisubiri kengele
kama mtu anayepapasa ukuta gizani
akitafuta swichi ya nyumba aliyokwisha kuihama.

Jumapili ile nililisukuma pipa.
Kesho yake homoni, maswali themanini.
Kwenye gari la jirani, wa saba ukaja bila kuitwa,
mshipa wa uso, ule wa kutabasamu na kufumba jicho,
na sikufurahi kama nilivyodhani.

Simu ikaita. "Umeshamaliza?"
"Bado, mama." Nikamweleza habari za mzee.
Akanyamaza, nikasikia kipeto chake kikifunguliwa,
anatafuta kalamu. Akataka jina,
herufi kwa herufi, asije akamwombea mtu mwingine.
Nikamtajia. Akaliandika, akanisomea.
Alikuwa amekosea pawili.
"Rudia," akasema. "Taratibu. Nina muda."